Ukurutu wa Viazi: Sumu Inayongoja Sukari

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nina deni la kulipa, na anayenidai ni mama yangu mdogo.

Mwezi wa Mei nilikwenda Njombe kwenye msiba wa jamaa yetu, nikalala kwake siku nne. Asubuhi ya pili nikakuta magunia kumi na mawili ya viazi mviringo yamepangwa barazani, yameshonwa vizuri kwa lumbesa, lakini hayana mnunuzi. Mchana akaja dalali. Alifungua gunia moja, akachukua kiazi, akakikwaruza kwa ukucha, akasema: "Mama, hivi vina ukurutu. Nikivifikisha Dar es Salaam vitarudi." Kisha akataja bei. Ilikuwa nusu ya bei aliyompa jirani siku hiyo hiyo. Mama mdogo alinyamaza kidogo, akakubali, kwa sababu ada ya mjukuu ilikuwa inangojwa shuleni.

Dalali alipoondoka nilikiokota kiazi kimoja. Kwa umbo kilikuwa kizuri, lakini ngozi yake ilijaa mabaka ya rangi ya kahawia, magumu, yaliyopasukapasuka kama kisigino cha mtu atembeaye peku. Nilipokikata, ndani kilikuwa cheupe na kizima kabisa.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unayezungumza redioni hebu niambie nimekosea wapi. Dawa nimepulizia mara sita. Na majivu nimemwaga kwenye matuta yote."

Nikamuuliza majivu alishauriwa na nani.

"Nilikusikia wewe," akajibu.

Ni kweli. Miaka kadhaa iliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilisifu majivu ya jikoni kuwa ni mbolea ya bure kwa mkulima asiye na fedha. Sikusema kwa zao gani, wala kwa udongo gani. Tangu niliporudi kutoka msibani nimesoma na kuulizia, na leo nakueleza niliyoyapata, ili atakayemwaga majivu baada ya leo ajue anayamwaga wapi.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu anakifahamu. Mvua ya kwanza inapoanguka juu ya ardhi kavu, huinuka harufu nzuri ya udongo. Sehemu kubwa ya harufu ile inatokana na kemikali iitwayo geosmini, na miongoni mwa watengenezaji wake wakuu ni bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces. Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoota kwa nyuzi nyembamba mfano wa ukungu. Kazi yao ya kila siku ni kula mabaki ya mimea na kuyarudisha ardhini. Bila wao na wenzao, majani ya msimu uliopita yangekuwa bado yamelala juu ya shamba.

Jamii hii imetutendea wema mwingine pia. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo cha Rutgers huko New Jersey, Marekani, kijana Albert Schatz alipata kutoka kwa bakteria mmojawapo wa jamii hiyo dawa iliyoitwa streptomaisini. Ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu. Wasikilizaji wenye umri mkubwa wanazikumbuka sindano zile. Mwaka 1952 Waksman alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa, katika ukoo huo mkubwa wenye mamia ya aina, wamo wachache ambao hawatosheki na mabaki. Wao hushambulia mmea ulio hai. Anayejulikana zaidi anaitwa Streptomyces scabies, na ndiye aliyekwaruzwa kwa ukucha wa dalali barazani kwa mama mdogo.

Habari zake zilianza kuandikwa kisayansi mwaka 1890. Bwana mmoja aitwaye Roland Thaxter alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani. Wakati huo wakulima walikuwa na maelezo mengi: wengine walisema ukurutu unaletwa na wadudu, wengine walilaumu samadi, wengine unyevu. Thaxter alichukua kiumbe kutoka kwenye baka, akakiotesha peke yake, kisha akakipaka kwenye viazi vichanga vilivyokuwa bado vinakua. Ukurutu ukatokea. Yeye alidhani ni aina ya ukungu, kwa jinsi nyuzi zake zilivyo. Baadaye ikafahamika kwamba ni bakteria, na mwaka 1948 Waksman na mwenzake Henrici wakamwingiza rasmi katika jamii ya Streptomyces.

Hata hivyo swali moja lilibaki: anakidhuru kiazi kwa silaha gani? Jibu lilichukua karibu miaka mia. Mwaka 1989 watafiti wa kituo cha kilimo cha Fredericton, nchini Kanada, walitangaza kwamba wamezitenga sumu kutoka kwenye viazi vyenye ukurutu. Walipozipaka zenyewe tu kwenye kiazi, bila bakteria, dalili kama zile za ugonjwa zikatokea. Wakaziita thaxtomini, kwa heshima ya Thaxter. Iliyo kuu kati yao ni thaxtomini A, yenye rangi ya manjano, na kiasi kidogo mno chatosha kudhuru.

Hebu tuangalie sumu hii inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo penye faida kwa mkulima.

Kiazi kichanga hukua kwa kutanua chembe zake hai, yaani seli. Kila seli imezungukwa na ukuta, na nguvu ya ukuta ule ni nyuzi za selulosi, ambazo ndizo hizo hizo zilizomo katika pamba na karatasi. Seli inapotanuka inalazimika kuongeza selulosi mpya, mithili ya fundi anayepandisha ukuta huku akiongeza nondo. Thaxtomini huja ikazuia utengenezaji wa selulosi. Fundi anaendelea kupandisha, lakini nondo hakuna. Ukuta unalegea, seli inavimba kupita kiasi, na mwisho inakufa.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini kiazi kilichokomaa hakiugui. Seli zake zimekwisha acha kutanuka, nondo zimekwisha wekwa. Anayeshambuliwa ni kiazi kichanga peke yake, kile kinachoanza kuvimba kwenye ncha ya kitawi cha chini ya ardhi, na hasa kupitia vitundu vyake vya kupumulia kabla havijafunikwa na gome.

Na lile baka lenyewe ni nini? Wengi hudhani ni bakteria aliyejazana pale. La hasha. Kiazi kinapoona seli zake za juu zinakufa, hujenga chini yake tabaka la gome gumu kama kizibo cha chupa, ili adui asipite kwenda ndani. Kiazi kinazidi kukua, gome linapasuka, kinajenga jingine. Kwa hiyo ukurutu ni kovu: ni bandeji ambayo kiazi kimejifunga chenyewe. Ndiyo maana nilipokikata kile cha mama mdogo nilikuta ndani kizima.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi lilinishangaza kuliko yote. Bakteria huyu haitengenezi sumu yake kila siku. Kutengeneza sumu ni gharama. Hujengwa kwa asidi amino mbili, triptofani na fenilalanini, ambazo ni vipande vya kawaida vya protini. Lakini kabla ya kuviunganisha, bakteria hubandika kwenye triptofani kundi la naitrojeni na oksijeni, kazi ambayo ni viumbe wachache wanaoiweza. Ili kuifanya hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi, ile ile ambayo miili yetu huitumia kulegeza mishipa ya damu. Hayo yalionyeshwa mwaka 2004. Mwaka 2012 kikajulikana na kimeng'enya chenyewe kinachofanya ubandikaji huo.

Basi kiumbe maskini wa udongoni hawezi kutupa mali namna hiyo bila sababu. Hungoja ishara, na ishara yake ni sukari.

Ukuta wa mmea unaokua, au unaovunjika, huvujisha vipande vidogo vidogo vya selulosi. Kipande cha sukari mbili zilizoshikana huitwa selobiosi. Cha sukari tatu, selotriosi. Ndani ya bakteria kuna protini mlinzi inayoweza kukishika kipande cha selobiosi. Ikikishika, huziamsha jeni za sumu, na kiwanda kinaanza kazi. Kwa lugha nyingine, kiazi kinapokua kwa kasi, chenyewe ndicho kinachotoa taarifa kwamba kipo na kwamba ni kichanga. Kikundi cha watafiti cha Bibi Rosemary Loria, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko New York, kilionyesha mwaka 2007 kwamba miche inayokua huvujisha selotriosi, na kwamba sumu yenyewe huongeza uvujaji huo. Sukari inaita sumu, sumu inaleta sukari zaidi. Mtu ambaye amewahi kukopa kwa riba ataufahamu mzunguko wa namna hiyo.

Liko na jingine. Jeni za sumu hii zimekaa pamoja kama kisiwa ndani ya urithi wa bakteria, na kisiwa hicho kinaweza kuhama. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2005 kwamba bakteria mwenye kisiwa anaweza kumpa mwenzake wa jamii ya Streptomyces ambaye hana, na huyo akapata uwezo wa kuudhuru mmea. Si ajabu basi kwamba leo tunawajua waletaji kadhaa wa ukurutu. Kaskazini mashariki mwa Marekani yupo anayestahimili udongo mchachu, Streptomyces acidiscabies, na kutoka Hokkaido, Japani, mwaka 1998 alitangazwa mwingine, Streptomyces turgidiscabies. Ni aina tofauti, lakini silaha ni moja.

Baada ya maelezo hayo, ndugu msikilizaji, turudi kwa mama mdogo.

Kosa la kwanza ni dawa. Alipuliza majani mara sita. Dawa ile ina kazi yake dhidi ya ukungu unaochoma majani ya viazi, na huenda iliokoa majani yake. Lakini ukurutu unatokea chini ya udongo na unaletwa na bakteria. Dawa ya majani haiufikii. Aliyemuuzia dawa dukani hakumuuliza ugonjwa uko wapi, alimuuliza ana shilingi ngapi.

La pili ni majivu, na hilo ni langu. Majivu, kama chokaa, hupunguza uchachu wa udongo. Wataalamu huupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH: chini ya 7 udongo ni mchachu, juu yake si mchachu. Streptomyces scabies hustawi pale kipimo kinapokuwa kati ya 5.2 na 8. Chini ya 5.2 ukurutu wa kawaida hupungua sana. Udongo mwingi wa nyanda za juu kusini ni mchachu, kwa hiyo una kinga fulani ya kuzaliwa. Shamba la mama mdogo lililo mteremkoni, mbali na nyumba, lilitoa viazi safi. Lililougua ni lile la nyuma ya jiko, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea majivu ya mafiga, na mwaka huu likaongezewa mengine kwenye matuta kwa ushauri wa redio. Tuliondoa kinga kwa mikono yetu.

La tatu hakulifanya mtu. Alipanda mwanzoni mwa Desemba. Mwezi wa Januari, viazi vilipokuwa vinaanza kujitunga chini, mvua ikakatika karibu wiki tatu. Hiyo ndiyo saa anayoitaka adui. Watafiti wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, walionyesha kwamba udongo ukiwekwa na unyevu katika wiki zile za mwanzo wa kutunga viazi, ukurutu hupungua mno. Maelezo yake ni haya: katika udongo wenye unyevu bakteria wengine, wasio na madhara, huwahi kujaa kwenye vitundu vya kiazi, na Streptomyces, ambaye hustahimili ukavu kuliko wao, hukosa nafasi. Udongo ukikauka wale wengine hupungua, naye hubaki na uwanja.

Nini basi kifanyike? Nitayasema kwa ufupi, kwa sababu tiba ya ukurutu baada ya kuvuna haipo. Kovu likishajengwa halifutiki.

Kwanza, usimwage majivu wala chokaa kwenye shamba unalotaka kupanda viazi msimu huo. Lakini usinielewe vibaya kama nilivyoeleweka mara ya kwanza: udongo mchachu sana una madhara kwa mahindi na maharage, na huko chokaa na majivu vina kazi. Yapeleke kwa mazao hayo, na kabla ya hapo udongo ukapimwe.

Pili, tunza unyevu wiki nne mpaka sita tangu viazi vinapoanza kutunga. Mwenye maji ya bondeni au ya bomba, akiwa na uwezo wa kumwagilia kipindi kimoja tu, akichague hicho. Asiye na maji aangalie tarehe ya kupanda, ili wiki hizo zisiangukie kwenye ukavu uliozoeleka wa eneo lake. Unyevu si mafuriko. Tuta likituama maji viazi vinaoza.

Tatu, usipande mbegu yenye mabaka. Ukurutu husafiri kwa mbegu mpaka kwenye shamba ambalo halikuwa nao. Watafiti wa viazi wa Uyole, Mbeya, wanaweza kukuelekeza kwenye mbegu safi, na kukuambia ni aina zipi zinavumilia zaidi, kwa maana aina hazilingani.

Nne, badilisha mazao. Bakteria huyu hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo msimu mmoja wa mapumziko hautamwondoa, ila utampunguza. Usimpokeze karoti, bitiruti au figili, kwa kuwa hizo nazo anazishambulia. Mahindi au ngano ni afadhali. Na samadi isiyooza vizuri usiiweke kabla ya viazi.

Kwa mlaji, neno langu ni jepesi. Kiazi chenye ukurutu kinalika. Menya ngozi na mabaka, osha, pika. Hasara yake ni ya sokoni, si ya tumboni. Usikichanganye na kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua, ambacho kina sumu nyingine inayotengenezwa na kiazi chenyewe. Hicho usimpe mtoto wala usile wewe.

Wala mkulima asichanganye ukurutu na mnyauko wa bakteria, ambao ni balaa kubwa zaidi. Mnyauko huuangusha mmea mzima ungali wa kijani, na viazi huoza. Ukilitilia shaka shina, likate, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi; ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, mwite bwana shamba siku hiyo hiyo, na mbegu ya shamba hilo usimpe mtu.

Ndugu msikilizaji, nimempigia simu mama mdogo juzi. Nilimsomea karibu yote haya, akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nitayasema redioni. Nikamjibu kwamba nitayasema, na kwamba nitasema pia kuwa ushauri wa majivu ulikuwa wangu na haukuwa kamili. Akasema vema, kwa sababu siku ile ya kwanza hakusikiliza peke yake. Walikuwa wanawake sita wamekaa barazani, na wote wana mashamba nyuma ya jiko.

Kwa hiyo haya ni kwa hao sita, na kwa wengine ambao siwajui. Majivu yapelekeni kwenye mahindi. Viazi vipandeni mteremkoni. Januari ikifika, angalieni mawingu.

Panapo majaliwa, tusikilizane tena juma lijalo.